Wiki sita nikichungulia kinywa cha mzee

Katika familia nyingi za kwetu Seme, kikao cha kuamua nani atamsindikiza mgonjwa hakimalizi hata dakika tano. Wenye kazi wanatazama saa. Wenye watoto wanataja karo. Mwenye duka anasema duka halina mtu. Halafu macho yote yanatua kwa yule kijana anayeshinda na simu mkononi, na hapo mjadala umekwisha.

Mimi ndiye huyo kijana. Niliacha chuo mwaka wa pili, naishi Githurai kwa keja ya chumba kimoja, naandika blogu na kusimamia kurasa za wafanyabiashara wachache mtandaoni. Kwa lugha ya baba zangu wadogo, hiyo inaitwa "hana kazi".

Basi mwaka 2025 nikapata kazi. Mzee wangu alikuwa na saratani ya kinywa na alitakiwa kupigwa mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita mfululizo. Mashine yenyewe humshughulikia mgonjwa kama dakika kumi au kumi na tano kwa siku. Saa zilizobaki ni zako wewe uliyekuja naye: ale nini, ameze vipi, alale vipi, kesho arudi vipi. Hizo saa ndizo nataka kuziandika hapa. Najua kuna mtu wa rika langu anayesoma hii akiwa kwenye benchi la hospitali, faili la mzazi mapajani, na hajaelezwa kitu zaidi ya "mlete kesho saa mbili".

Mzee ni fundi wa redio. Kibanda chake kiko soko la Kombewa, na ukipita hapo utasikia Ramogi FM ikilia kwa spika tatu zilizopasuliwa matumbo. Amevuta sigara tangu ujana, za kununua mojamoja, na jioni hajawahi kukataa kikombe. Tumbaku na pombe kali zikikutana kinywani hatari huwa kubwa kuliko ya kila moja ikiwa peke yake. Mwisho wa 2024 akapata kidonda pembeni mwa ulimi. Alidhani ni jino lililovunjika linamkwaruza. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akanunua tembe za maumivu, dada yake akamletea majani ya kutafuna.

Kidonda chenyewe hakikumuuma sana, na huo ndio ujanja wa huu ugonjwa. Mara nyingi huanza bila uchungu. Kidonda, doa jeupe au jekundu, au uvimbe kinywani ambao umepitisha wiki tatu bila kupona unafaa kuonwa na daktari au daktari wa meno. Cha mzee kilikaa miezi mitatu.

Na si kwamba Kombewa ni mahali pasipojua hospitali. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa huku; kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed hapo Kombewa kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa yaliyoanza 2009. Simamisha mama yeyote sokoni umuulize kuhusu malaria au dawa za HIV, atakufundisha mpaka uchoke. Lakini kidonda cha ulimi? Watu walipoona mzee anakonda na anaongea kama mtu mwenye peremende mdomoni, minong'ono ikaenda kulekule inakoendaga: ama ni ule ugonjwa, ama ni chira, kuna mwiko amevunja.

Daktari wa meno katika hospitali ya Kombewa ndiye aliyemtuma "Russia". Kwa mgeni: Russia ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Ilijengwa kwa msaada wa Warusi na jina likakwama. Huko walimkata kipande kidogo cha kidonda, kikaenda maabara, na majibu yakawa yale. Mwisho wa Aprili akafanyiwa upasuaji, wakaondoa sehemu ya ulimi na tezi za shingoni. Kisha tukaambiwa mionzi ianze ndani ya wiki sita tangu siku ya upasuaji, kwa sababu chembe zilizobaki hazikusubiri upange nauli.

Mbona Nairobi? Kwa miongo mingi Hospitali ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali ya pekee ya umma nchini yenye mashine ya mionzi. Miaka ya karibuni huduma imefika Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa, na kutoka Kisumu, Eldoret ni karibu zaidi. Ila Eldoret hatuna mtu, na wiki sita za lojingi si mchezo. Nairobi kulikuwa na keja yangu.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Mtu asiye na mshahara rasmi, kama fundi wa redio, hukadiriwa mchango wake wa SHA na kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mpango ulipoanza Oktoba 2024, fungu la saratani liliwekwa Sh550,000 kwa mwaka, na ni la nyumba nzima, si la mtu mmoja. Kama mzazi wako hajasajiliwa, fanya hivyo leo, kabla ya kidonda chochote, unaanzia *147#. Fungu hilo haligusi matatu, blenda, maziwa, wala kodi ya nyumba. Hayo yalitoka kwa harambee ya WhatsApp na kwa mifuko yangu, ambayo kina chake unakijua.

Kabla ya mionzi kuna jambo ambalo wengi hawalijui: meno. Mfupa wa taya ukishapigwa mionzi haufungi kidonda vizuri tena. Ukiling'oa jino baadaye, mfupa unaweza kuoza. Kwa hiyo meno mabovu hung'olewa mapema, wiki mbili au tatu kabla, ili fizi zipone. Mzee aliondolewa magego matatu.

Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Mzee ana umri wa miaka 71, na kama Wajaluo wengi wa rika lake alipitia nak, yaani kung'olewa meno sita ya mbele chini akiwa mvulana. Sisi watoto wa juzi tulikuwa tukicheka hilo pengo kwenye picha. Wazee hueleza kwamba mbali na kuwa alama ya kabila, lilikuwa na kazi: mtu akipatwa na pepopunda, taya likajifunga, atanyweshwa uji kupitia hapo. Nilidhani ni hadithi. Kufikia mwezi wa saba taya la mzee lilikuwa limekaza kwa sababu ya mionzi, kinywa kinafunguka nusu, na mimi nimeketi mbele yake nikipitisha nyuka kwa bomba la sindano, kupitia pengo lile lile alilopewa miaka ya sitini.

Lakini tulikuwa na kesi nyingine kwanza. Baba mdogo alipiga simu kutoka Kombewa: "Mzee atalala wapi?"

Kwa wasio Wajaluo nieleze. Baba halali kwa kitanda cha mwanawe. Hata chumba anacholala mwanawe mkubwa haingii ovyo. Ni kwer, ni mwiko, na wapo watakaokuambia ndio mwanzo wa chira yenyewe. Sasa keja ya chumba kimoja, kitanda kinamsalimia mgeni mlangoni, utafanyaje? Dada yangu alisema hizo ni za zamani. Mzee hakusema kitu, ambayo kwake ni jibu.

Suluhisho alilitoa mwenyewe siku aliyofika. Nilikuwa nimeshatoa kitanda changu, nikakihifadhi kwa jirani, na kununua godoro jipya ambalo sikuwa nimelilalia. Mzee akasimama mlangoni, akatoa noti ya elfu moja, akanipa. "Hii ni kodi," akasema. "Sasa nyumba ni yangu. Wewe ndiye mgeni, tafuta pa kulala." Nikatandika mkeka upande wa jiko. Wiki sita nililala pale na hakuna aliyevunja mwiko wowote. Ile elfu moja bado ninayo, landilodi alipata yake kutoka kwingine.

Wiki kabla ya mionzi kuanza alitengenezewa barakoa. Ni bamba la plastiki lenye matundu. Hulowekwa kwenye maji ya moto likalainika, likavutwa usoni hadi mabegani, na likipoa linagandia umbo la mtu. Kila siku analazwa, barakoa inafungwa kwenye meza, asitikisike hata milimita chache. Miale inalenga palepale. Mzee akaiita chandarua. Wapo wanaopata hofu kubwa humo ndani, na wapo wanaopewa dawa ya kutuliza. Yeye hofu yake ilikuwa ya kikazi. Alimuuliza mtaalamu wa mashine inapiga masafa gani. Yule dada hakumcheka. Alimweleza kwamba ni miale ya aina ya eksirei ila yenye nguvu zaidi, kwamba dozi nzima ni grei 60, inakatwa mara 30, mbili mbili kwa siku, ili nyama nzuri ipate usiku wa kujirekebisha. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezewa saketi na ikaingia.

Jirani mmoja wa ploti alimwondoa mtoto wake mlangoni kwetu, eti mzee "ana miale". Miale ya mashine haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha, kama taa. Unaweza kumkumbatia, kula naye, mjukuu anaweza kulala mapajani. Nilimweleza jirani hivyo. Mtoto alirudi baada ya siku mbili kwa sababu mzee alikuwa ametengeneza redio yao.

Tulianza Jumatatu, Juni 9. Wiki mbili za kwanza zilikuwa rahisi kiasi kwamba baba mdogo alipiga simu kuuliza kama kweli anatibiwa. Anakula, anatembea, analalamikia baridi ya Nairobi na bei ya samaki. Usidanganyike na hizo wiki. Zitumie kumnenepesha. Mzee aliingia na kilo 61 na nesi wa lishe alinionya kwamba akipoteza moja ya kumi, itabidi apitishiwe mpira wa kulishia puani.

Wiki ya tatu ladha iliondoka. Alisema ugali una ladha ya karatasi, halafu samaki ana ladha ya msumari. Kisha mate yakakauka, akawa hatoki bila chupa ya maji, anaamka usiku ulimi umegandamana na paa la kinywa. Kisha vidonda.

Hapa ndipo ile kazi yangu ilipoanza kikweli. Kila asubuhi na kila jioni mzee alifungua kinywa nami nikawasha tochi ya simu nikachungulia. Sijui kama umewahi kumtazama babako kinywani. Hatukulelewa hivyo. Mzee ni mtu unayemtazama kifuani mkiongea. Mara ya kwanza sote wawili tuligeuza macho, yeye akiangalia dari, mimi nikijifanya natafuta mwanga. Ndani kulikuwa kwekundu kama nyama ya buchari, na wekundu ukawa na utando mweupe. Nilikuwa natafuta mambo mawili: damu, na zile madoa nyeupe kama maziwa yaliyoganda, ambazo ni ukungu na huhitaji dawa yake. Yalipotokea, tuliyaonyesha hospitalini siku hiyohiyo, wakatupa dawa ya matone.

Kusukutua ilikuwa kila saa mbili mchana: lita moja ya maji safi ya vuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Si zile dawa za kusukutua za dukani zenye alkoholi, hizo ni kama kumwagia mtu spiriti kwenye kidonda. Mswaki laini wa mtoto. Ngozi ya shingo ilipoiva na kuanza kuchubuka, hakuna wembe, hakuna kola ngumu, na cha kupaka ni kile tu walichotoa wenyewe. Na hakuna sigara, maana moshi hupunguza nguvu ya mionzi na huchelewesha vidonda kupona. Hilo nilidhani litakuwa vita. Halikuwa. Kinywa chenyewe kilimkataza.

Chakula sasa. Mjaluo asipokula kuon hajala, hata umlishe nini. Ilibidi tukubaliane kwamba kwa muda hatakula. Uji wa wimbi uliochachuka, anaoupenda, ulimchoma kama ndimu. Nyanya, pilipili, machungwa, vyote viliondoka nyumbani. Kilichobaki ni uji laini wa mahindi nilioutia maziwa, siagi ya njugu, na wakati mwingine yai lililopikwa na kusagwa. Parachichi na ndizi mbivu kwa blenda. Omena niliwakausha tena kwa sufuria, nikawasaga unga, nikauchuja, kijiko kimoja kwa kikombe. Supu ya kichwa cha mbuta, iliyochujwa mara mbili, ikipoa. Kila kitu kiwe cha vuguvugu. Kidogo kidogo, mara saba au nane kwa siku. Niliandika kwenye daftari kila kikombe, kwa sababu mgonjwa akiulizwa "umekula?" atasema ndiyo, na jirani atasema alimwona akimwaga.

Juni 25 ilikuwa Jumatano, mwaka mmoja tangu ile siku ya 2024 ambayo kila kijana wa nchi hii anaikumbuka alikuwa wapi. Nairobi ilifungwa. Barabara za kuingia mjini zilizibwa, matatu hazikuonekana, na sisi tulirudi Githurai kwa miguu tukiwa hatujafika popote. Mara ya 13 ikapotea.

Ndipo nikajifunza kwamba siku moja si siku moja. Kwa saratani za kichwa na shingo, kila siku ya ziada ambayo matibabu yanarefuka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia moja au zaidi. Chembe zilizojeruhiwa hutumia hiyo nafasi kuzaana tena. Hospitali ilimfidia siku hiyo Jumamosi iliyofuata. Lakini daktari alinitazama mimi, si mzee, akasema isirudiwe.

Ukitaka kuona hili kwa ukubwa wa nchi, angalia jirani zetu. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, ya kobalti, pale Mulago, iliyonunuliwa katikati ya miaka ya tisini. Mwaka 2016 iliharibika kabisa. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo, walioweza walisafirishwa Nairobi na wengine walingoja. Nilipokuwa nasoma haya usiku kwenye simu, mzee akikoroma pembeni, nilizihesabu siku zake zilizobaki kama mtu anayehesabu chenji.

Ijumaa ya wiki ya nne, Julai 4, mzee aliandika kwenye daftari langu la chakula, kwa sababu kuongea kulikuwa kumeshamshinda: *Nyathina, nirudishe nyumbani. Imetosha.*

Nilipiga simu kwa kila mtu. Dada akalia. Baba mdogo akatoa hotuba kupitia spika ya simu kuhusu uanaume. Waya, dada yake mzee, akaomba Mungu kwa Dholuo dakika ishirini bando zikiisha. Mchungaji akataja Ayubu. Mimi nikamkumbusha gavana wetu, Anyang' Nyong'o, ambaye ni mtu wa hapahapa Seme: aligundulika na saratani ya tezi dume mwaka 2010 akiwa waziri wa huduma za matibabu, akatibiwa kwa mionzi Marekani, akarudi, na amekuwa gavana tangu 2017. Mzee akaandika: *Yeye hakuchomwa mdomo.* Sikuwa na la kujibu.

Hakuna kati yetu aliyembadilisha mawazo. Ilikuwa dawa. Mchana huohuo, tulipoenda kwa mionzi ya siku hiyo, nilimwonyesha nesi lile daftari. Akasoma, akamwita daktari, na daktari hakumpa mzee moyo wala mawaidha. Alimwandikia mofini ya maji. Watu wa kwetu wakisikia mofini wanadhani ni ya kumuaga mtu. Sivyo. Inapimwa kwa mililita, inatolewa kwa saa maalumu, na ukiitoa kama nusu saa kabla ya chakula mgonjwa anaweza kumeza. Hufunga tumbo vibaya, kwa hiyo ondoka na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, usingoje siku ya tano kama familia moja niliyoiona pale foleni. Usiku ule mzee alilala saa sita mfululizo. Jumamosi asubuhi alikunywa vikombe viwili vya uji. Jumapili akaomba redio.

Mimi huwa nasikia watu wakisema mgonjwa fulani "alikata tamaa". Siku hizi nauliza kwanza kama alikuwa amepewa dawa ya maumivu.

Na Jumatatu ilikuwa Saba Saba. Kila mtu mtaani alijua barabara zitafungwa tena. Sitajifanya kwamba sikuwa na hamu ya kuwa pale na wenzangu. Nina sababu zangu kama wewe. Lakini Jumapili usiku tulifunga uji kwenye thamosi, tukachukua mofini, daftari na redio, tukaenda Kibra kwa binamu yangu, ambako ukiamka mapema unaweza kufika hospitalini kwa miguu. Kweli Jumatatu jiji lilizingirwa vizuizi vya polisi. Tulitembea taratibu, mzee amejifunga skafu shingoni, mimi na chupa ya maji, tukipumzika kila baada ya nguzo kadhaa. Askari mmoja alitusimamisha. Mzee hakuweza kuongea, akafungua tu kinywa. Tukapita. Hiyo ilikuwa mara ya 21.

Alimaliza Ijumaa, Julai 18, akiwa na kilo 55. Mpira wa puani uliepukwa kwa kitu kama vikombe vitatu vya uji.

Watu walituma pongezi, vibonzo vya keki na nini. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba mionzi huendelea kuchoma baada ya kuisha. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote, tukiwa sasa Kombewa, hakuna nesi wa kila siku, na wageni wanakuja na soda. Kama unapanga ruhusa kazini au likizo ya kumuuguza mtu, usiiishie siku ya mwisho ya mashine. Vidonda vyake vilianza kufunga katikati ya Agosti. Tuliunganishwa na wahudumu wa tiba shufaa Kisumu kwa ajili ya mofini, mpaka alipoipunguza pole pole na kuacha.

Mama mdogo aliuliza kama sasa nitarudi "kutafuta kazi". Nilikuwa nimepoteza wateja wawili kati ya wanne. Mmoja alinitumia ujumbe wa pole kisha akanitoa kwenye grupu. Sina kinyongo naye, biashara ni biashara. Ila ningependa ile mikutano ya dakika tano iwe na ajenda ya pili: huyu tunayemtuma, atalipwa nini, na nani atamshikia zamu wikendi moja tu alale. Familia yetu haikuwa na ajenda hiyo. Nilisema hivyo kwenye grupu la WhatsApp mwezi wa nane na kimya kilikuwa kirefu, halafu dada yangu akatuma elfu tano.

Waya alikuja kumwona mzee. Yeye, kama nyanya wengi wa rika lake kando ya ziwa, huvuta sigara sehemu ya moto ikiwa ndani ya kinywa, kwa hiyo upepo hauizimi na mikono inabaki huru kwa kazi. Kule Andhra Pradesh, India, uvutaji wa namna hiyo umechunguzwa tangu zamani na kuhusishwa na saratani ya paa la kinywa. Nikamwomba afungue mdomo. Akanitusi kidogo, akafungua. Paa la kinywa lilikuwa limegeuka jeupe lenye vidoti vyekundu. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa yule yule daktari wa meno wa Kombewa. Hakuna kidonda, wakampa tarehe ya kurudi na kumwambia aache. Hajaacha. Ila amegeuza sigara, na analalamika kwamba haina utamu.

Wale wa bodaboda wa pale stendi, wanaoweka kuber chini ya mdomo wakidhani kwa kuwa haina moshi basi ni salama, nimewaambia pia. Wananiita "daktari" sasa, kwa kejeli. Mmoja ameniomba nimwangalie fizi.

Skani ya kwanza ilingoja hadi Oktoba, kwa kuwa kabla ya miezi mitatu uvimbe wa mionzi huchanganya picha. Haikuonyesha kitu. Mwaka wa kwanza atakuwa akirudi kliniki mara kwa mara, kisha kwa nafasi, hadi itimie miaka mitano.

Kinachotushughulisha kwa sasa ni taya. Kinywa kikikaza na kuachwa hivyo, hubaki hivyo. Zoezi lake ni la vijiti bapa vya mbao, vile vya aiskrimu: unavibeba pamoja, unaviingiza kati ya meno ya juu na ya chini, unashikilia, unapumzika, mara kadhaa kwa siku, na kila baada ya siku chache unaongeza kimoja. Yeye huviweka pembeni, kwa sababu mbele chini hakuna meno ya kushikilia. Aliporudi Kombewa vilikuwa vinaingia kumi na kimoja. Hunitumia hesabu kwa sauti ya WhatsApp kutoka kibandani, maneno yakiteleza kidogo kwenye "s" na "r", Ramogi ikilia nyuma yake. Ya leo asubuhi ni ya sekunde nane: kumi na tisa, na anauliza kama omena wa kukaanga wanaweza kulowekwa kwenye mchuzi kabla ya kuliwa au lazima wasagwe bado.